UZI: Mgeni akilala Arusha, mji unabaki na nini? Natetea tozo ya kitanda

#1 Mleta uzi (Kijenge, Arusha)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu kidogo, naomba uvumilivu wenu, maana jambo lenyewe, tozo ndogo ya mji kwa kila mgeni anayelala hapa, nimelibeba moyoni tangu masika.

Ninaendesha nyumba ya wageni ya vyumba kumi na kimoja hapa Kijenge, huu ni mwaka wa tisa. Wageni wangu wengi hulala usiku mmoja kabla ya kwenda Serengeti na Ngorongoro, kisha usiku mmoja wakirudi, vumbi limewakaa hadi kwenye kope. Mwezi wa nne nilikuwa na mama mmoja wa Kiholanzi, mtu mzima, mstaarabu. Asubuhi ya kuondoka alikuja kaunta kulipa, akauliza: "Na kodi ya jiji ni kiasi gani?" Nikamwambia hatuna kitu hicho. Akashangaa. Kwao Amsterdam, tangu 2024, anayelala hotelini hukatwa asilimia 12.5 ya bei ya chumba, na hela hiyo ni ya jiji. Alikuwa ameshaitenga kwenye bahasha.

Tukatoka naye hadi getini. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, mtaro wa mbele umeziba, maji yamepanda barabarani. Juu ya maji zinaelea chupa tupu na maboksi ya chakula cha safari, yale ya kadibodi, yameloa yakafunguka, ndani ganda la ndizi na kipande cha keki. Gari lao lilishindwa kusogea karibu. Kijana wangu akabeba begi kichwani, yule mama akavua viatu, akakunja suruali, akavuka pekupeku akiwa ameshika mkono wangu. Hakulalamika. Mimi ndiye niliyeona aibu, kwa sababu boksi mojawapo nililijua: utepe wa kijani uliolifunga ni wa jikoni kwangu.

Na chupa ni vivyo hivyo. Kila mgeni akiingia nampa mbili, kwa sababu maji ya ukanda huu yana floridi nyingi. Meno ya kahawia ya watu wa Arusha na Meru kila mtu anayajua, na mgeni hakubali kunywa ya bomba. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019 na mitaro ikapata ahueni. Chupa zikabaki. Nikiwa na wageni kumi na wanane ni chupa thelathini na sita kwa siku moja, nyumba moja, mtaa mmoja.

Sasa tuifuate hela ya mgeni. Anayepanda Mlima Kilimanjaro analipa hifadhini dola 70 kwa siku, na dola 50 kwa kila usiku wa kambi, juu yake VAT ya asilimia 18. Kwa siku saba za njia ya Machame inakaribia dola 950 kabla hajamlipa mpishi wala mgumu (mpagazi wa mlimani) hata mmoja. Hotelini kuna tozo ya maendeleo ya utalii, dola 1.5 kwa kitanda kwa usiku, inakwenda ngazi ya taifa. VAT nayo inakwenda Hazina. Sipingi hata moja. Mlima na wanyama wanahitaji ulinzi, na nchi inahitaji barabara. Lakini kabla ya kuingia hifadhini mtu huyu amelala Kijenge, ameoga Kijenge, taka zake zimebaki Kijenge, na saa kumi na mbili asubuhi gari lake limepita Mnara wa Saa pamoja na msururu wa mengine.

Mwaka 2024 nchi ilipokea watalii wa kimataifa 2,141,895. Si wote wanapita huku, wengi wanashukia Zanzibar moja kwa moja. Hata hivyo mji wa watu laki sita na ushee ambao ndio lango la mbuga za kaskazini unaubeba mzigo wao, na AFCON ya 2027 inakuja na mzigo mwingine.

Najua halmashauri zina ushuru wa huduma na ushuru wa nyumba za kulala wageni. Ila ushuru huo unaingia kwenye kapu moja na wa stendi na wa machinjio, na ukishaingia humo hakuna anayeweza kukuonyesha kwa kidole kwamba mtaro huu umechimbwa na wageni waliolala hapa.

Pendekezo langu: shilingi 2,000 kwa kila mgeni mtu mzima kwa kila usiku, mwisho usiku wa tano. Akaunti yake peke yake. Kazi zake tatu tu: mitaro na taka, vyoo vya umma, taa za barabarani. Isinunue gari, isilipe posho, isiende semina.

Nilifungua kitabu cha wageni cha Agosti iliyopita nikahesabu kwa mkono. Malazi 412 ya wageni kutoka nje. Hiyo ni shilingi 824,000 kutoka nyumba moja ndogo kwa mwezi mmoja. Kuzibua ule mtaro niliwalipa vijana wanne jumla ya shilingi 60,000 kutoka mfukoni mwangu.

Karibuni tujadili. Hata mkinipinga, nipingeni kwa hoja.

#2 Mwenye gesti (Majengo, Moshi)

Mleta uzi, nakuheshimu ila nakupinga. Wewe wageni wako ni wa dola, unaongea kutoka huko. Mimi chumba changu ni shilingi 20,000, na neti na ndala nimeweka. Ukiongeza 2,000 ni asilimia kumi ya bei. Mteja wangu ni fundi aliyetoka Same kufunga mashine, au mfanyabiashara wa Mbuyuni aliyekosa gari la jioni. Atauliza bei, atanyamaza, atavuka barabara kwenda kwa jirani ambaye haandikishi wageni. Kuna nyumba hapa mtaani zinalaza watu kila siku na hazina leseni wala kitabu. Na siku hizi kuna za Airbnb, geti limefungwa, hakuna hata kibao. Hao utawatoza vipi?

Kila jambo jipya linaanzia kwetu sisi tulio wazi, tunaoonekana. Leseni, zimamoto, afya, ushuru. Anayejificha anapona.

#3 Mwongoza watalii (Sakina)

Naongeza jambo ambalo watu wa mezani hawalioni. Nina miaka kumi na nne barabarani, na kabla ya hapo nilikuwa mgumu mlimani, nimebeba vitu vya watu hadi kambi ya Barafu.

Mgeni amenunua safari yake mwaka mzima kabla. Ameambiwa kila kitu kimo ndani ya bei. Siku ya mwisho anafika hotelini anaambiwa kuna hela ya jiji. Hata ikiwa ndogo, anahisi amefichwa kitu. Hagombani na kampuni, kampuni iko mbali na ameshailipa. Anachofanya ni kufungua bahasha ya tipu na kupunguza. Nimeliona hili kwa macho yangu siku gharama zilipoongezwa njiani: mgeni alikaa kitandani, akatoa noti moja ya dola ishirini kwenye bahasha ya wapagazi, akairudisha kwenye pochi. Wapagazi walikuwa kumi na wawili. Walisimama nje wakiimba.

Kwa hiyo mimi sipingi tozo. Ninachohoji ni ije lini na imkute mgeni wapi.

#4 Mleta uzi

Kaka wa #3, asante sana. Hilo la bahasha sikuwa nimelifikiria, na limenikaa. Nakubali: tozo ikija, itangazwe mapema kiasi cha kuingia kwenye bei za msimu unaofuata, na iandikwe kwenye ankara ya kampuni tangu mgeni anapolipia. Mnakumbuka Julai 2016 VAT ilipowekwa kwenye huduma za utalii. Bajeti imesomwa Juni, Julai mosi imeanza, na wageni wa msimu ule walikuwa wameshalipa bei ya zamani. Wenye kampuni wakameza tofauti au wakaanza kuwaandikia wageni barua za kuomba nyongeza. Hatuwezi kurudia hapo.

Mkuu wa Majengo, hoja yako nitaijibu baadaye, naifikiria kwanza.

#5 Mchangiaji (Singida)

Shikamooni wakubwa. Naomba mtukumbuke na sisi tusio watalii.

Mwaka 2023 mama yangu alilazwa KCMC. Mimi na dada yangu tulilala gesti Moshi siku kumi na nane, chumba kimoja, kitanda kimoja, tukipokezana kwenda wodini. Tulikuwa tunapika uji kwa jiko la mama mwenye nyumba, Mungu ambariki. Kila jioni tunahesabu hela ya chumba, ya dawa na ya bodaboda. Angetokea mtu akaniambia niongeze 2,000 kila usiku kwa sababu mimi ni mgeni wa mji, sijui ningemjibu nini.

Anayelala mjini si lazima awe amekuja kuangalia simba. Wengine wamefuata daktari, wengine mahakama, wengine msiba.

#6 Mchangiaji (Moshi)

Na Desemba je? Wachaga wanarudi nyumbani, na wengine kwa ukoo kumejaa wanalala hoteli za mjini. Mtu atozwe kwa kulala kwao?

#7 Mtanzania aliye Edinburgh

Wakuu, niwape ya huku, maana jiji hili limejadili jambo hilihili kwa miaka. Baraza la jiji la Edinburgh liliipitisha Januari 2025: asilimia 5 ya bei ya chumba, kuanzia Julai 24, 2026, na inahesabiwa kwa usiku tano za mwanzo tu, kama alivyosema mleta uzi. Angalieni nafasi iliyopo kati ya tarehe hizo mbili. Sheria ya Scotland ya 2024 inataka miezi 18 ya taarifa kabla ya kuanza kutoza. Lile tatizo la bahasha ya tipu hapa wamelizuia kwa sheria, na hoteli zina muda wa kubadilisha bei zao.

Manchester walipita njia nyingine. Tangu Aprili 2023 ni pauni 1 kwa chumba kwa usiku, na waliopiga kura ya kuikubali ni wenye hoteli wenyewe, na chombo kinachosimamia hela ni cha kwao. Inakwenda kwenye usafi wa mitaa na kuvutia wageni kipindi cha baridi. Nadhani hiyo inafanana zaidi na mazingira yetu, kwa sababu mwenye hoteli akiwa mezani hana sababu ya kuficha kitabu.

Mfano wa kuogopa ni visiwa vya Baleari, Hispania. Waliianzisha 2002, wenye hoteli wakaipinga kwa nguvu zote, serikali ilipobadilika ikafutwa 2003. Ilirudi 2016. Miaka kumi na tatu imepotea kwa sababu ya kuanza vibaya.

#8 Mama lishe (Usa River)

Mimi sina gesti, nauza chakula kwa madereva. Nauliza tu: hiyo tozo ya jiji la Arusha, sisi Usa River tuko halmashauri ya Meru. Hoteli nyingi kubwa za wageni ziko huku na Tengeru. Ngaramtoni iko Arusha vijijini. Ukitoza Kijenge, si kampuni zitawaleta wageni wote huku? Kwangu ni biashara nzuri, ila wewe mleta uzi utakuwa umejikata mkono mwenyewe.

#9 Mchangiaji (Njiro)

Wote mnaongea kama hela itafika. Mimi nina kovu.

Miaka ya nyuma nilikuwa na biashara kwenye halmashauri moja, siitaji. Wafanyabiashara wa stendi tulikubaliana kwa hiari kuchangia shilingi 500 kila siku tujengewe choo. Tulichanga miezi kumi na moja. Risiti zangu ninazo mpaka leo ndani ya kopo la maziwa, zimefifia, maandishi yake unayaona ukizipeleka kwenye mwanga wa jua. Choo hakikujengwa. Tulipouliza tuliambiwa hela ilihitajika kwa dharura. Dharura gani, hakuna aliyesema. Aliyeumia ni binti wa chipsi aliyekuwa mjamzito, anatembea hadi msikitini kuomba choo.

Mwanzo nilikuwa mstari wa mbele kwenye michango. Leo ukiniambia "akaunti maalumu" mwili unanisisimka. Nionyesheni kwanza nani atashika ufunguo.

#10 Mwongoza watalii (Sakina)

Mkuu wa #9 umesema kweli tupu. Mgeni naye anauliza hivyohivyo. Zanzibar anatozwa hotelini kodi ya miundombinu kwa kila usiku, na wakifika huku wananiuliza ile hela imejenga nini. Nikiwa na jibu la kuonyesha kwa kidole dirishani, hakuna anayenuna. Nikisema "ni ya serikali" uso unabadilika.

Mlimani, ukimwonyesha mgeni machela ya magurudumu pembeni mwa njia ukamweleza kwamba ada ya uokoaji ya dola 20 ndiyo inayomngojea akiugua, anaelewa hapohapo. Hajawahi kunibishia hata mmoja.

#11 Mchangiaji (Nairobi, mzaliwa wa Moshi)

Kwa jirani kuna mfano mzuri wa hela kuonekana. Kenya wana tozo ya asilimia 2 kwenye hoteli na mikahawa, ya miaka mingi, na sehemu ya hela hiyo ndiyo iliyokilea chuo cha Utalii pale Nairobi. Hoteli nyingi za Afrika Mashariki, Arusha zikiwemo, zimeajiri wapishi na mameneja waliotoka pale. Mwenye hoteli akilipa anajua kuna kijana atakayemwajiri kesho.

#12 Mleta uzi

Nimesoma yote, nimeyasoma mara mbili. Jana sikulala vizuri kwa sababu ya dada wa Singida. Nilikuwa nimeandika "kila mgeni" bila kumwona mtu anayepika uji kwa jiko la mwenye nyumba ili amuuguze mama yake. Nimekosea, na ninaomba radhi.

Kwa hiyo nabadilisha hivi. Mwenye kitambulisho cha taifa cha Tanzania asitozwe, awe amekuja kwa daktari, msiba au Krismasi. Na chumba cha bei ya chini kisiguswe kabisa, hata aliyelala ni mgeni wa nje. Tuweke mstari, mfano shilingi 50,000, chini ya hapo hakuna tozo. Mkuu wa Majengo, hapo fundi wako wa Same amepona, na wewe umepona. Kuhusu wanaojificha umenibana kweli. Sina dawa kamili. Ninachoweza kusema ni kwamba nyumba inayotangazwa mtandaoni ina picha, ina bei na ina ramani, na mwenyekiti wa mtaa anaijua kuliko sisi. Kuipata si kazi kubwa kama kuna anayetaka kuipata.

Mama wa Usa River, hoja yako ndiyo iliyonipiga zaidi kwa sababu sikuiona ikija. Jiji likianza peke yake litajikata. Lazima Jiji, Arusha vijijini na Meru wakae meza moja, kiwango kimoja, tarehe moja. Kwa Moshi ni vilevile: Marangu iko Moshi vijijini, Machame iko Hai, Manispaa ikitoza peke yake wageni watalala huko juu karibu na geti. Inahitaji sheria ndogo ya kila halmashauri, ipite kwa madiwani, iidhinishwe na waziri. Ni safari ndefu kuliko nilivyodhani nilipokuwa naandika #1 nikiwa na hasira ya ule mtaro.

Kuhusu kiwango, wapo walioniandikia pembeni kwamba niweke asilimia kama Amsterdam na Edinburgh. Sitaki. Asilimia inahitaji mwenye hoteli aseme ukweli wa bei yake, na bei za safari zimechanganywa humo, chumba, gari na chakula pamoja, utaitenganisha vipi? Kichwa cha mtu aliyelala kitandani hakichanganywi na kitu. Na kichwa hicho tayari kinaandikwa. Kila gesti ya nchi hii ina kile kitabu kirefu cha mistari: jina, kabila, atokako, aendako, namba ya chumba, saini. Tangu nikiwa mdogo kipo. Tunakiandika kwa ajili ya usalama, na hakuna anayekihesabu.

Sasa mkuu wa #9. Ufunguo. Nimeisoma habari ya kopo la maziwa nikakaa kimya. Siwezi kukuambia niamini, kwa sababu hata mimi sina wa kumwamini. Ninachopendekeza ni huu utaratibu. Malipo yote kwa namba ya malipo ya serikali, hakuna fedha taslimu mkononi mwa mtu. Kamati ya watu saba: wawili wenye hoteli, mmoja mwongoza watalii, mmoja wa wapagazi, mmoja wa soko, diwani mmoja, mtaalamu mmoja wa halmashauri. Na kila robo mwaka karatasi ibandikwe ofisi ya kata na kaunta ya kila hoteli: tumekusanya hiki, tumetumia hiki, mtaro huu, kutoka nguzo hii hadi nguzo ile. Robo ikipita bila karatasi, mwenye hoteli aruhusiwe kisheria kusimamisha makusanyo mpaka karatasi ionekane. Hicho kifungu ndicho ningekifia. Wengine watasema ni kuwapa wafanyabiashara nguvu kupita kiasi. Mimi naona ni kumpa mtu wa #9 kitu ambacho hakuwa nacho kwa miezi kumi na moja.

#13 Mchangiaji (Njiro)

Hicho kifungu kikiwemo, mimi nitasaini. Kikitolewa, msinitafute.

#14 Mwenye gesti (Majengo, Moshi)

Na mimi kwa huo mstari wa 50,000 sina ugomvi tena. Ila uandikwe kwenye sheria yenyewe. Usiwekwe kwenye hotuba.

#15 Mleta uzi

Asanteni. Hatua ya kwanza ni ndogo. Jumamosi saa nne asubuhi kuna mkutano wa mtaa wetu hapa Kijenge, nimeomba dakika kumi na nimepewa. Nitaenda na barua ya ukurasa mmoja. Kinachokosekana ni hesabu: nina kitabu changu tu, na kitabu kimoja hakimshawishi mtu.

Wenye nyumba za wageni wa Kijenge, Sakina, Njiro na Tengeru, njooni na vitabu vyenu vya Juni hadi Septemba, au piga picha kurasa unitumie kwa ujumbe wa ndani. Funika majina ya wageni kwa karatasi, nahitaji tarehe na idadi ya vichwa tu. Ijumaa jioni nitakuwa kaunta kwangu kuanzia saa kumi na mbili, tutahesabu pamoja. Chai ipo. Mnaokuja kwa gari egesheni upande wa juu, mvua imeanza tena na mtaro haujazibuliwa.